Mama Aliyekuja Bila Sauti

Sikuwa nimelewa. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia jambo hili lazima atokee mtu wa kunikatiza: "Fundi, siku hiyo ulikuwa umepiga ngapi?" Nilikuwa nimekunywa chai ya rangi na andazi. Ilikuwa mchana, mvua ya manyunyu, na akili yangu ilikuwa timamu kama ilivyo sasa ninapokwambia. Usipoamini sitakulaumu. Mimi mwenyewe nisingeamini kama lingempata mwenzangu.

Nilikuwa na kibanda cha ufundi pale Mafiga, natengeneza redio na pasi, baadaye televisheni. Kazi hiyo sikuisomea. Wazazi wetu walifariki nikiwa bado shule ya msingi, na mimi ndiye mtoto wa kwanza. Ndugu walikaa kikao, wakasema huyu aende Mikese, yule Kilosa, mdogo kabisa achukuliwe na shangazi Dar. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa wanapunguziana mzigo. Niliacha shule, nikaenda kushika bisibisi kwa fundi mmoja wa mjini, na wadogo zangu wakabaki chini ya paa moja. Likumbuke hilo.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na televisheni zilizokwisha kutumika ughaibuni zikawa zinashushwa kwa malori. Watu walipunguzwa kazi viwandani, na wengi kiinua mgongo chao kiliishia kwenye TV na deki ya kuchezea mikanda ya video. Watu waliokuwa wananijia mlangoni, wengi walikuwa na shida moja: nimeunga deki kwenye TV, picha naiona, sauti siipati.

Basi siku hiyo nimeinama mezani, redio ya kujipimia inaimba, na jirani yangu fundi cherehani anakanyaga cherehani yake. Ghafla nikahisi kimya. Redio taa inawaka, lakini haitoi kitu. Nikainua kichwa, mama mmoja amesimama mlangoni. Gauni la kitenge cha kijani, sweta, kovu dogo kidevuni.

"Shikamoo mama," nikasema.

Midomo yake ilitikisika. Sikusikia marahaba. Nilijisikia vibaya kidogo, unajua mtu mzima asipoitikia salamu yako unaanza kujiuliza umemkosea nini. Akaanza kuongea, na hapo nikagundua kwamba anaongea kweli, ila sauti yake iko chini mno. Ilinibidi nisogee mpaka karibu na uso wake.

"Picha ipo," alisema. "Sauti haipo. Watoto wanabonyeza rimoti mpaka vidole vinawauma."

Mimi mtu wa utani. Nikamwambia, "Mama, naona hata wewe umeshushwa sauti."

Akacheka. Alicheka kwa mwili mzima, mabega yanaruka, mdomo wazi, na hakukutoka kitu. Niamini, nilicheka naye huku nywele zikinisisimka shingoni.

Akanielekeza nyumba yao, Mbete, juu mlimani, ile yenye bati la bluu nyuma ya migomba. Akasema niende leo hii, kabla kaka zake hawajaondoka. Halafu akaongeza neno ambalo nililiona la ajabu: "Ukishindwa, mwambie mama afungue pindo la kanga."

Nikageuka kuchukua mkoba. Redio ikaanza kuimba tena. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nikamuuliza fundi cherehani, "Yule mama kapita wapi?" Akaniangalia juu ya miwani. "Mama gani? Mimi nimekuona unaongea peke yako na mlango."

Wewe ungefanyaje? Mimi nilipanda mlima. Nilijiambia jirani macho yake mabovu, na kazi ni kazi.

Nilidandia pikapu iliyokuwa imeshusha ndizi sokoni, ikaniacha njia inapokwisha, nikapanda kwa miguu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilisikia jenereta kabla sijaliona lile bati la bluu. Uani kulikuwa na masufuria makubwa na wanawake wanaosha sahani, na nikajua hapa wanaanua matanga.

Msichana wa kama miaka kumi na sita alinipokea. Anaitwa Yustina. Nyuma yake wadogo zake wawili wameshikana mikono. Nikasema mimi ni fundi, nimeitwa kutengeneza sauti ya TV.

"Nani amekuita?" aliuliza.

"Mama mmoja wa kitenge cha kijani."

Akafikiri kidogo. "Labda ni shangazi. Karibu ndani, kaka. Fanya haraka, tafadhali."

Sebuleni walikuwa wamekaa wanaume wawili na, mkekani, bibi kizee, mama yao. Mdogo wa wale wanaume alinitazama mimi na mkoba wangu. "Fundi, umeitwa, au umefuata harufu ya pilau?"

"Nimeitwa, mjomba. Lakini pilau sitalikataa."

Hata bibi alitabasamu. Mkubwa, mjomba Alois, hakutabasamu. Alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. "Yustina," alisema, "tumekupa muda tangu asubuhi. Jenereta linakula mafuta, na sisi njia yetu ni ndefu. Kama mkanda umekufa, umekufa."

Yustina alinieleza huku nikipiga magoti nyuma ya TV. Baba yao alikufa zamani, na TV, deki na jenereta vilikuwa vyake, alikuwa akiwaonyesha wanakijiji video. Sasa mama naye ametangulia. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo wajomba ndio wenye neno. Walikuwa wameamua kila mmoja achukue mtoto mmoja, na Yustina aende kwa mama mkubwa. Lakini kwenye sherehe ya komunyo ya kwanza ya mdogo wake, mama alisimama mbele ya watu akatoa maneno kuhusu watoto wake. Wajomba siku hiyo hawakuwepo. Maneno yamo kwenye mkanda, na mkanda hautoi sauti.

"Wanadhani nimetunga," alinong'ona.

"Hatusemi umetunga," mjomba Alois alisema kwa upole. "Tunasema mtoto mwenye uchungu husikia anachotaka."

Niliyajua yale maneno, mimi mwenyewe nilikwisha kuambiwa.

Nikaanza kazi. Deki ilikuwa imeungwa kwa waya wa antena, na waya ulikuwa mzima. Nikaweka mkanda mwingine, picha safi, kimya. Nikashukuru Mungu, maana hapo mkanda wake haukuwa na kosa. Nikachomoa deki kabisa. TV ikajaa chenga, zile nukta nyeupe za TV isiyoshika kituo, na chenga huwa zinapiga kelele kama mvua juu ya bati. Hizi zilikuwa bubu. Basi ugonjwa uko kwenye TV. Nikawaeleza kwamba ile rimoti wanayoibonyeza ni ya deki, haina amri juu ya sauti ya TV hii. Sauti yake inazungushwa kwa mkono, kwa kitufe kilicho mbele, ndani ya kifuniko kidogo.

Nikafungua kifuniko. Kitufe hakipo. Palikuwa na tundu, na kijiti chake cha chuma kiko ndani kabisa. Koleo langu nene, halikuingia.

"Mrudishie mkanda wake," alisema mjomba Alois, akisimama.

Nikaunga deki tena, nikaurudisha ule mkanda ndani ili walau watoto wamwone mama yao kabla jenereta halijazimwa. Picha ikaja. Mama amesimama kati ya maua ya karatasi, kitenge cha kijani, kovu kidevuni. Anaongea na hasikiki. Mtu mmoja akamtania kutoka pembeni, naye akacheka, mabega yanaruka, mdomo wazi, bila sauti.

Ndugu yangu, nilishika ukuta. Ndipo lile neno likanirudia, na sikulitoa kwa ujasiri, lilinitoka tu.

"Bibi, shikamoo. Naomba ufungue pindo la kanga yako."

Bibi alinishangaa. Wote walinishangaa. Akashika pindo lake, akalifungua fundo moja, ugoro. Akalifungua la pili, rozari. La tatu lilikuwa gumu, akatumia meno. Kikadondoka mkekani kitufe cheusi cha plastiki.

"Yesu na Maria," alisema bibi. Akalia. Siku ya msiba, yule mtoto mdogo kabisa aliwasha TV wakati maiti iko ndani, na bibi kwa aibu akazungusha kitufe mpaka mwisho, akakichomoa ili asirudie, maana kwao nyumba yenye matanga haipigi sauti. Akakifunga. Kisha kilio kikamsahaulisha, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu wote walikuwa na rimoti mkononi.

Nikakichomeka, nikazungusha.

Sauti ya mama ikajaa nyumba. "...nikiwa sipo, hawa watatu wasilale nyumba tatu. Yustina anajua kupika. Migomba ipo. Kaka zangu..."

Mjomba Alois hakuweza kuvumilia. Usimfikirie vibaya, marehemu alikuwa dada yake wa tumbo moja. Aliruka mbele ya TV akazungusha kitufe kurudi mpaka mwisho. Ngoma ya sherehe ikafa. Vigelegele vikafa. Mazungumzo ya watu wengine kwenye ule mkanda yakafa.

Ya mama haikufa.

"...kaka zangu, mje kuwatazama. Mje na chumvi, mje na fimbo wakikosea. Lakini msiwatoe hapa. Alois, nakuomba wewe."

Nilikuwa nimepiga magoti karibu na spika. Nakwambia nilichokisikia na masikio haya: ile spika ilikuwa kimya, haitetemeki. Sauti ilitoka katikati ya chumba, pale kwenye mkeka, kando ya bibi. Halafu ikaisha, tukabaki na mlio wa jenereta.

Mjomba Alois alikuwa bado amekishika kitufe. Alikitazama, akamtazama Yustina. Akakaa chini, sakafuni, si kwenye kiti.

"Nitakuja kila mwezi," alisema. "Na chumvi."

Yule mdogo akafuta uso kwa kiganja. "Na fimbo nitaleta mimi."

Watoto hawakugawanywa.

Nilikula pilau, nikashuka. Jioni ilikuwa inaingia, ukungu mzito, njia inateleza. Nimefika kwenye migomba ya mwisho, nikasikia nyuma yangu sauti ya mwanamke, safi, imejaa, kama mtu aliyesimama hatua chache kutoka kwangu.

"Marahaba, mwanangu."

Sikugeuka. Nilitembea mpaka mjini na machozi yangu.

Miaka imepita. Yustina ana watoto wake sasa, na wadogo zake aliwalea mpaka wakajitegemea. Mimi bado ni fundi. Siku nyingine redio yangu hunyamaza yenyewe mchana, taa inawaka. Hapo husimama, nasalimia mlango, nangoja. Mara nyingi ni ubovu wa redio tu. Mama yangu mimi hakuacha mkanda wowote, na sitakuficha, ziko jioni ambazo nafungua TV ijae chenga, napandisha sauti, nasikiliza.

Kwa hiyo nakuomba. Nyumbani kwako kukiwa na msiba na mkashusha sauti kwa heshima, siku ya kuanua matanga mtu apewe kazi ya kuipandisha tena. Na akitokea mtu mlangoni kwako anayeongea chini chini, usimwambie njoo kesho. Acha ulichoshika, usogee karibu, umsikilize mpaka amalize.