Maiti Wetu

Kila filamu yetu ya upelelezi ilipohitaji maiti, studio ile ya kando ya mto Temzi ilimwita yeye, mwigizaji mzee. Alifika akimung'unya peremende ya kifua, akavua viatu na kuvipanga kando ya zulia kama mtu anayekwenda kulala, kisha akalala chali na kuviachia vidole virefu vya mikono yake vikunjuke kimoja kimoja. Gesi ya sumu aliyoivuta vitani ilimwachia kikohozi, na sasa filamu, zilizokuwa bubu, zilikuwa zimeanza kusema. Maikrofoni ilining'inia juu ya kifua chake.

"Ukikohoa tena, mzee," alisema Pargeter, mwongozaji, "kesho natafuta maiti mwenye mapafu mazima."

"Maiti hana neno, bwana," alijibu, akafumba macho.

Kamera ikaanza. Crabbe, aliyeigiza inspekta, alimwinamia, mgongo wake ukimficha mzee asionekane na kamera, akaliona koo la mzee likitetemeka. Kikohozi kikatoka. Papo hapo Crabbe naye akakohoa kwa nguvu, akaendelea na maneno yake.

"Safi, Crabbe!" Pargeter alipaza sauti. "Hicho kikohozi kishikilie mpaka mwisho wa filamu."

Maiti aliinuka polepole, akavaa viatu, na kabla ya kuondoka akaweka kikopo chake cha peremende kwenye kiti cha Crabbe.