Siku Niliyobaki Ndani na Mashine

Nilikuwa nimeinama nyuma ya mashine ya kupima protini, napangusa vumbi, daktari alipoingia na trei ya vichupa. Pampu zilikuwa zinanguruma, hakunisikia. Ningekohoa tu. Nikaona haya, nikangoja amalize. Alivipanga vichupa, akabonyeza kompyuta, akatoka na kuvuta mlango. Nikasikia akitundika nje ule ubao unaokataza watu kufungua.

Nilikuwa nafanya usafi katika maabara hiyo ya Mbuya tangu nimalize darasa la saba. Siku ya kwanza daktari alinieleza kazi yao kwa upole. Wengine hutia protini alama, wakachanganya mikojo ya wagonjwa na ya wazima, ikapita kwenye mashine kwa pamoja. Wao hawatii alama. Kila kichupa hupita peke yake, kompyuta ikachora vilima vya kuonyesha wingi wa protini, kisha vilima vya huyu vikalinganishwa na vya yule.

“Kwa hiyo vyote lazima vipite katika hali moja,” alisema. “Hata joto la chumba lisibadilike.”

Mikojo ya siku hiyo ilikuwa ya watoto wenye ugonjwa wa figo. Na mdogo wangu, wa darasa la kwanza, angeningoja mtaani Kamwokya, kwenye geti la shule, nimchukue. Wao hutoka saa saba. Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba, nje.

Saa saba ilipofika nilishika kishikio cha mlango. Nikawafikiria wale watoto, vilima vyao vikiharibika kwa ajili yangu, nikakiachia. Mvua ikaanza kupiga mabati. Nikakishika tena. Sindano ya mashine ilikuwa inaingia kwenye kichupa kingine, polepole, kama vile hakuna anayengojwa popote. Nikakaa chini sakafuni.

Daktari aliporudi, jioni ilikuwa inaingia. Alinitazama sana.

“Mwanangu, umekuwa humu muda wote? Si ungefungua tu. Vilima vikisogea kidogo, kompyuta huvirudisha mahali pake.”

Nikachukua mkoba wangu, nikakimbia.

Nilimkuta mdogo wangu kwenye kibanda cha askari wa geti, sweta limelowa, macho yamevimba. Hakuwa akilia tena. Alinishika mkono kwa nguvu, tukatembea hadi karibu na soko ndipo akauliza.

“Dada, walikufungia?”

Mlango ule hauna hata kufuli.

“Ndiyo,” nikamwambia.