Kiu ya Nyumba

Juzi, karibu na soko la Kenya, mtaa wa mji wetu, niliona kamiyo, lori kubwa, imebeba mgongoni nyumba ndogo ya kulalia, na harufu ya kamba za mkonge na mafuta ya mazuti ikanirudia. Nilipokuwa mtoto, baba yangu, shoferi, aliwahi kufunga kwenye kamiyo yake nyumba kama ile, ya mzungu mmoja, kwa safari ya Kilwa, kule ziwani. Alipomaliza, aliweka beseni la maji sakafuni mwa nyumba hiyo, akaizungusha kamiyo uwanjani polepole, kisha akasimama na kuchungulia beseni.

"Baba, nyumba iko na kiu?"

"Eh, mama. Kilwa iko mbali."

Nikamkimbilia na kikombe changu. Akayamimina maji yangu kwenye beseni, akatega sikio mlangoni.

"Iko nasema aksanti."

Leo najua alikuwa anapima kamba: maji yakimwagika, hazijakaza. Hata hivyo, juzi nilimuuliza shoferi wa kamiyo ile ya sokoni kama amenywesha nyumba yake.