Kivuli Upande wa Uani

Wanafunzi walimwita Bwana Chaki, na wala si kwa sababu ya kuandika ubaoni. Chaki yake ilikuwa na kazi nyingine. Kila alipopanga matunda mezani kwa somo la kuchora, alizungushia kila tunda mstari mwembamba juu ya kitambaa cheusi: nusu ya papai, machungwa matatu, parachichi, chane ya ndizi, na kishada cha zabibu thelathini na moja. Ndiyo, zabibu alizihesabu. Kisha akazungushia na miguu ya vigoda vyote kumi na viwili, akajikung'uta mikono na kusema, "Haya. Atakayegusa nitamjua."

"Na tukipiga chafya je, mwalimu?" aliuliza kijana mmoja aliyependa kuvaa tai, wenzake wakimwita Mheshimiwa.

"Kapigie nje."

Usimcheke bado. Ujanani alikuwa mchora mabango ya maduka, yeye na rafiki yake wa kufa na kuzikana. Siku moja alichora bango la duka kubwa la samani, kazi ya miezi miwili, kisha homa ikamwangusha kitandani. Alipoinuka alilikuta bango limetundikwa juu mtaani, watu wamesimama wanalishangaa, na pale kwenye kona limeandikwa jina la rafiki yake peke yake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu alianza kushtuka hata akiona kamba za viatu vyake mwenyewe. Mkewe alizoea. "Baba Watoto," alimwambia, "wewe siku ukifa utaamka kwanza uhakikishe wamekuzika kwenye kaburi lako."

Lakini kufundisha, jamani, alijua. Hilo hata maadui zake walikubali. Alikuwa akilishika papai mkononi na kuwauliza wanafunzi lina rangi gani. Wakijibu "chungwa" anaguna. "Chungwa gani? Tazameni vizuri. Hapa karibu na mbegu kuna wekundu. Hapa pembeni njano inakwenda kwenye kijani. Na huku chini, kwenye ganda, kuna buluu imejificha. Mtu mvivu huchora papai analolijua. Nyinyi choreni hili mnaloliona." Na kuhusu vivuli ndiyo usiseme. Alikataza nyeusi isitumike kabisa kwenye kivuli. Alisema kivuli ndicho shahidi asiyehongeka: kinaeleza mwanga umetoka wapi, na aliyechora alikuwa wapi.

Darasa lilikuwa na madirisha mawili yaliyotazamana, moja la uani, jingine la barabarani. Wakati wa somo alitaka mwanga wa upande mmoja tu. Kwa hiyo pazia la barabarani lilifungwa na dirisha la uani likafunguliwa, na vivuli vyote pale mezani vikalala kuelekea barabarani. Kwa wiki mbili mambo yalikuwa hivyo, kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, tunda lililoanza kuoza likibadilishwa kwa jingine linaloenea mstari ule ule wa chaki.

Mwaka huo kulikuwa na jambo kubwa. Chuo kikuu cha sanaa kilitoa nafasi moja, moja tu, ya mwanafunzi kusomeshwa bure miaka mitatu. Picha moja ya matunda ipelekwe Ijumaa saa nne, pamoja na fomu ambayo mwalimu ataweka sahihi chini ya maneno haya: "Nathibitisha kwamba kazi hii ni ya mwanafunzi huyu." Kwa Bwana Chaki maneno hayo yalikuwa mazito kuliko kiapo cha mahakamani.

Jumanne ya wiki ya mwisho alipita nyuma ya vigoda, kama kawaida yake, mikono nyuma, pumzi zikiwagonga watu shingoni. Picha ya Mheshimiwa ilikuwa safi, ingawa ndizi zilikuwa ngumu kidogo. Akafika kwa msichana wa mwisho, yule waliyemwita Kimya kwa kuwa siku nzima ungeweza kumaliza usimsikie sauti. Akasimama. Papai lilikuwa limeiva pale kwenye turubai mpaka mate yakamjaa mdomoni. Zabibu zilikuwa na ule unga wao mwepesi, ule ambao yeye mwenyewe ilimchukua miaka kuupata. Alifurahi kwa muda mfupi sana. Halafu macho yakateremka kwenye vivuli, ambavyo jana vilikuwa bado havijachorwa.

Vilikuwa vimelala kuelekea uani.

Damu ikamchemka. Akatazama mezani, akatazama picha, akatazama tena mezani. Kumbe! Na mbona picha hii ilikuwa inakua kwa kuruka? Jana ilikuwa na machungwa mawili. Mchana kutwa binti alikaa anafutafuta pembeni tu, na leo papai limekamilika. Tena binti huyu alikuwa na mjomba. Na mjomba kazi yake ni nini? Kuchora mabango. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea moyoni, na mambo yote yakajipanga kichwani mwake vizuri kabisa.

"Nani kakuchorea hii?"

"Ni yangu, mwalimu."

"Nakuuliza mara ya pili. Mwanga wa picha hii haupo ndani ya chumba hiki. Nani?"

"Ni yangu."

Hakusema zaidi. Hakulia, hakuapa, alitazama tu vidole vyake. Na Bwana Chaki, ambaye maisha yake yote aliamini kwamba asiye na hatia hupiga kelele, aliuchukua ukimya ule kuwa ushahidi wa pili. Akabandika karatasi mpya kwenye ubao, akampa brashi. "Kama ni yako, nichoree papai hapa hapa. Nakutazama."

Darasa zima likageuka. Binti alichovya brashi. Mkono ulianza kutetemeka kabla haujafika kwenye karatasi, na ukazidi kutetemeka kwa kadiri mwalimu alivyosogea. Papai likatoka limepinda, limevimba upande mmoja. Mtu mmoja nyuma alisema, "Hicho kiatu," watu wakaangua kicheko. Ushahidi wa tatu huo. Mwalimu hakuhitaji wa nne. Alichomoa kalamu yake nyekundu na, mbele ya wote, akaandika juu ya picha nzuri, katikati ya machungwa na zabibu, kwa herufi za mchora mabango: SI KAZI YAKE.

Jioni alimsimulia mkewe, akitarajia kupongezwa. Mkewe alikuwa anakunja nguo. "Na kama ni yake?" aliuliza.

"Kivuli hakidanganyi."

"Sijauliza kivuli. Nimekuuliza wewe." Alichukua rundo la nguo akaenda zake chumbani. Bwana Chaki alibaki sebuleni amekasirika, na alishindwa kujua hasa amekasirikia nini.

Ijumaa ikafika. Kila asubuhi alikuwa na utaratibu wake, nao haukubadilika siku hiyo. Saa kumi na mbili na nusu alifungua darasa. Dirisha la uani lilikuwa bado limefungwa kwa mbao zake, kwa hiyo alifungua pazia la barabarani ili apate mwanga wa kukagua mistari yake ya chaki. Tunda kwa tunda, zabibu kwa zabibu. Hakuna kilichosogea. Akauacha mlango wazi ili harufu ya tapentaini ya kuoshea brashi itoke, akaenda chumba cha walimu kunywa chai mpaka karibu saa mbili, ambapo angerudi, afunge pazia, afungue mbao za uani, na somo lianze. Leo alibeba na fomu. Ameshaijaza: jina la Mheshimiwa, jina la chuo, tarehe. Imebaki sahihi. Alijipapasa mfukoni kutafuta miwani, akakumbuka kwamba ameiacha darasani, juu ya kabati la rangi.

Akarudi. Kwenye mlango alisimama ghafla.

Kimya alikuwa mbele ya turubai jipya, amempa mgongo. Jua la asubuhi liliingia moja kwa moja kwa dirisha la barabarani na kuyamwagikia matunda yote, na vivuli, kimoja kimoja, vilikuwa vimelala kuelekea uani. Mkono wa binti ulikwenda kwenye rangi na kurudi kwenye turubai bila kusita hata kidogo. Aliweka tone la njano pembeni mwa papai, akalivuta kwa ncha ya brashi, na ukingo ukazunguka wenyewe. Alikuwa anaimba kwa chini. Kimya, anaimba!

Mwanga ule ambao Bwana Chaki alikuwa ameukana mbele ya watu kumi na wawili, ni yeye aliyekuwa akiuingiza kila siku kwa mkono wake, kwa kuwashuku wengine. Pazia alilifungua yeye. Mlango aliuacha wazi yeye. Na binti hakuwa amegusa kitu.

Ubao wa sakafu ukalia chini ya kiatu chake. Kimya akageuka. Na hapo, mbele ya macho yake, mwalimu aliuona mkono ule ukianza kutetemeka, kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo, mwalimu," alisema binti, brashi ikigonga ukingo wa kopo la tapentaini.

"Marahaba. Kwa nini... kwa nini hukuniambia unachora asubuhi?"

Binti aliitumbukiza brashi koponi. "Ningekuambiaje, mwalimu? Ukinisimamia mgongoni nasahau hata kwamba mkono ni wangu. Sasa nije nikuambie usiwepo darasani kwako?"

"Na hii ya pili? Nilishakukatalia. Unaichora ya nini?"

"Tangu Jumatano naichora. Uliandika kwa herufi kubwa sana, mwalimu. Nikaanza kufikiri labda ni kweli. Nilitaka nijue kama ni yangu."

Hilo lilimpata pabaya. Alitamani kusema mengi: habari ya rafiki yake, homa, bango, miaka yote ile. Akayaona yote ni upuuzi mbele ya mtoto wa watu. Ile ya kwanza haikuwa ya kupelekwa tena popote. Wino mwekundu ulikuwa umezama kwenye rangi mbichi, na maji yakimwagika hayazoleki. Akatazama hii mpya. Ndizi zilikuwa hazijakwisha. Zabibu nusu.

"Nimekukosea," alisema. "Nimekukosea vibaya, na nitalisema mbele ya darasa zima, kama nilivyokuaibisha mbele yao. Ukipata mpaka saa nne, utamaliza?"

Kimya akatazama jua, akatazama mkono wake. "Nikiwa peke yangu."

Bwana Chaki akatoka. Alivuta mlango, akachukua kigoda kutoka darasa la jirani na kukaa koridoni, amegeuzia mlango mgongo. Wanafunzi walipokuja aliwazuia pale pale, akawaeleza alichokifanya, bila kujitetea. Mheshimiwa aliisikiliza habari ya jina lake kufutwa kwenye fomu. Akalegeza tai. "Hata mimi nilijua papai lile si la mjomba mtu," alisema. "Mjomba wake nimeona mabango yake. Kuku wake wana miguu mitatu." Walicheka, lakini si sana, kisha wakakaa chini sakafuni wakingoja pamoja na mwalimu wao.

Saa nne kasoro robo alikuja mkuu wa chuo chao, mama mwenye haraka zake, funguo za gari mkononi, tayari kuipeleka picha. "Picha iko wapi? Mbona mmekaa nje kama wafiwa?"

"Iko ndani, Mkuu. Inamaliziwa."

"Na fomu?"

Alimpa. Mkuu akaona jina lililokatwa na jingine juu yake, akampandishia nyusi. "Kuna nini? Umeiona picha yenyewe?"

"Hii haijaisha, sijaiona yote."

"Hapa imeandikwa unathibitisha. Wewe, mtu anayehesabu zabibu, unataka kuthibitisha kitu ambacho hujakiona? Basi chungulia kwanza."

Vichwa vyote sakafuni vikainuka. Mlango ulikuwa nyuma yake, na uwazi wake ungetosha jicho moja. Shingo ilimwasha. Mazoea ya mtu anayeshuku ni magumu kuvunja: je, kama amekwama? Kama ameharibu? Kama mjomba amepita dirishani? Aliyasikia maswali yote kichwani mwake, moja baada ya jingine, kwa sauti yake mwenyewe.

"Nikichungulia ataharibu," alisema. Akaichukua fomu mkononi mwa Mkuu, akaiweka juu ya goti. Miwani ilikuwa bado ndani, juu ya kabati, kwa hiyo alimwomba Mheshimiwa amwonyeshe mstari kwa kidole. Akatia sahihi.

Dakika chache baadaye mlango ukafunguliwa. Kimya alitoka amelibeba turubai kwa viganja viwili, limelala kama sinia, buluu na njano zimempaka mpaka kwenye nyusi. Bwana Chaki alisimama haraka, akanyoosha mikono yote miwili kumpokea.

"Bado mbichi, mwalimu," alisema binti. "Usishike."

Mwalimu akairudisha mikono, akasogea pembeni, na kumwachia apite.