Mchekeshaji Aliyekaa Nje ya Kibanda

Wiki iliyopita, nyumbani kwa kaka yangu mjini Arua, binti yake alinionyesha kwenye simu orodha ya wachekeshaji wakubwa kabisa katika historia ya filamu. Kila mmoja alikuwa na picha yake na kipande kifupi cha kazi yake. Tulipofika kwa wale wa kale, wa filamu zisizo na sauti, mdomo wangu ukaanza kwenda wenyewe. Nikamsemea bwana mmoja aliyening'inia dirishani, nikamsemea mkewe, nikamsemea na mbwa wao. Binti akakunja uso. "Shangazi, nyamaza kidogo, nataka kusikiliza."

Kusikiliza nini, rafiki yangu? Mle ndani hakukuwa na sauti hata ya nzi. Lakini sikumlaumu. Hakukulia Koboko, mji wetu wa mpakani, na bibi aliyenilea alimkuta ameshazeeka. Mimi nilipitia ile orodha mpaka mwisho, nikaona imepungukiwa na watu wawili.

Bibi yangu alikuwa anauza njugu. Alizikaanga kwenye sufuria pana yenye mchanga, nje ya kibanda cha video karibu na soko, mgongo wake ukiegemea ukuta wa matete. Pembeni alipanga vibonge vya simsim na sukari, ambavyo mimi nilikatazwa kuvigusa na nilivigusa. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kupepeta njugu na kuchekecha mchanga, na mpaka leo harufu ya mchanga wa moto inanipa njaa. Watu walimwita Mama Njugu, wakubwa kwa wadogo.

Ndani ya kibanda alikuwepo mtu tuliyemwita vijei, maana ndivyo wanavyoitwa kwetu wale wanaokaa kando ya televisheni na kipaza sauti, wakitafsiri filamu huku inaendelea. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka ng'ambo ya Kaya, upande wa Sudan. Hakuwa na shamba, hakuwa na ukoo Koboko, hakuwa na kitu cha kulishia watoto wake ila koo lake. Siku za kawaida alitafsiri filamu za kupigana. Siku ya soko, watu walipojaa kutoka Kongo, kutoka Sudan Kusini na kutoka vijijini, kila mmoja na lugha yake, aliweka zile za kale zisizo na sauti, kwa sababu mtu akianguka kutoka kwenye ngazi hahitaji mkalimani.

Lakini vijei hakuweza kuvumilia kumwona mtu anafungua mdomo bila maneno kutoka. Akawapa maneno, kwa Kiswahili chetu kile cha mpakani. Bwana mwembamba akawa mfanyabiashara aliyekwama Oraba, kwenye kituo cha mpakani, na magunia yake. Bwana mnene akawa ajenti wa forodha. Sisi watoto tuliamini kabisa. Nilipopelekwa Oraba mara ya kwanza, kumtembelea ndugu yetu mmoja, nilichungulia kila lori nikimtafuta bwana mwembamba, na niliporudi nikawaambia wenzangu nimemwona akinywa chai. Hakuna aliyenibishia.

Na sasa sikia wema wake. Katikati ya filamu, bwana mwembamba akiwa anakimbizwa, vijei angemfanya asimame na kusema, "Ngoja kwanza! Mimi nasikia njaa. Njugu ya mama pale nje iko tamu sana!" Kibanda kizima kingecheka, na filamu ikiisha watu wangemjia bibi na sarafu mkononi. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Bibi mwenyewe hakuwahi kuingia ndani. Alisema hapendi giza la mchana. Alisikiliza tu kupitia ukutani, mwaka baada ya mwaka, mpaka akawa anajua kila neno la kila filamu bila kuona hata picha moja.

Kisha ukaja msimu wa vumbi, na koo la vijei likafa. Siku mbili za soko mfululizo alikwaruza kama mlango mbovu, watu wakatoka katikati wakilalamika. Mwenye kibanda akamwambia wazi: siku ya soko inayofuata ikiharibika tena, Jumatatu analeta vijei mwingine kutoka Arua, kijana mwenye sauti ya radi.

Siku ilipofika, mchana mapema, vijei alikuja akachuchumaa karibu na jiko letu. Nilikuwepo, nilimsikia. Hakuwa na sauti, ilikuwa pumzi tu.

"Mama, sauti nakufa kabisa."

"Tangawizi wewe nakunywa?" bibi akauliza.

"Nakunywa tangawizi, nakunywa asali, nakunywa dawa ya mizizi. Hapana saidia. Mama, mimi nakwenda wapi na watoto?"

Bibi aliendelea kukoroga njugu zake. Nakumbuka nilimkasirikia.

Kibanda kilijaa hadi mlangoni. Mimi nilijipenyeza mbele, nikakaa chini kwenye mkeka wa watoto. Filamu ikaanza: bwana mwembamba juu ya ngazi, ndoo ya rangi mkononi, na polisi mmoja mwenye masharubu akipita chini yake. Vijei alishika kipaza sauti, akafungua mdomo, ukatoka upepo. Kwa nyuma mtu akapiga mluzi. Mwingine akaita, "Maneno iko wapi? Hapa iko msiba?" Mwenye kibanda akaanza kusogea kutoka mlangoni, akipita katikati ya mabenchi. Nilimpenda yule mtu, sikutaka aondoke.

Hapo ndipo ukuta uliposema.

"Mama mukwe!" Ilikuwa sauti ya bibi, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia. "Mama mukwe, mimi nakuja kwa heshima!"

Lo! Bibi alikuwa anamsaidia, lakini bibi haoni. Alichukua maneno ya filamu nyingine kabisa, ile ya harusi, ambamo bwana mwembamba anapeleka mahari. Na unajua kwetu mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Huli mbele yake, hata kumtazama usoni unaona haya. Sasa sisi tunaona polisi mwenye masharubu anaitwa mama mkwe. Bwana mwembamba akayumba juu ya ngazi, na ukuta ukasema, "Mama mukwe, mimi naleta mahari, pokea kwa mikono mbili!" Ndoo ikapinduka, rangi yote ikamwagikia polisi kichwani.

Rafiki, sijui nikueleze vipi kicheko kile. Wanaume wa malori walilala juu ya mabenchi. Mama mmoja kutoka Kongo alivua kitambaa chake akajifuta macho, akisema, "Huyu mutu anaua mama mukwe yake!" Polisi akatoa rungu, akaanza kumkimbiza bwana mwembamba kuzunguka nyumba, na bibi, bila habari, akasema kwa upole, "Mama mukwe naona haya. Mama, kaa chini, pumzika." Kisha katikati ya hayo, bila kupunguza sauti: "Wewe mutoto, rudisha! Hiyo iko ya kuuza!" Nadhani kuna mtu alikuwa amegusa simsim. Ndani tulidhani polisi ndiye aliyesema, tukacheka upya.

Vijei alikuwa mwerevu. Alisimama kando ya televisheni akaanza kuigiza kwa mikono, akiinamia ukuta kwa heshima kila bibi aliposema, kana kwamba wamepanga tangu mwanzo. Mwenye kibanda hakufika mbele. Aliketi njiani, chini, ameshika mbavu. Kijana wa Arua hakuitwa tena, na sauti ya vijei ilirudi mvua zilipoanza.

Waliombwa warudie, wote wawili. Bibi alikataa katakata. "Mimi nauza njugu," alisema. Aliingia kibandani mara moja tu, kuona alichokisemea, na alipomwona yule mama mkwe alishika kichwa. "Huyu iko polisi! Mimi napeleka mahari kwa polisi!" Wiki nzima aliona haya kupita karibu na kituo.

Kibanda hakipo siku hizi. Simu zilikimaliza, pale sasa wanauza makava ya simu na chaja, na vijei alipata mahali pa kulima Dranya, kijijini kwa kina bibi. Leo kila mtu anacheka peke yake, kidole kwenye kioo. Sisemi ni vibaya. Ila mimi nilijaliwa kucheka nikiwa nimebanwa na mabega ya watu wa nchi tatu, na kwa hilo nashukuru kila siku.

Bibi tulimzika mwaka juzi, hukohuko Dranya, adhuhuri. Katekista alisoma, ndugu wakasema, ila mimi sikuweza kulia. Ndipo vijei akaomba ruhusa. Alikuwa mzee, shati lake jeupe limepigwa pasi. Alisimama kando ya jeneza, mahali ambapo angesimama kando ya televisheni, akavuta pumzi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya bibi, ile ile.

"Watu yangu, asante kwa kuja. Mimi nachoka kidogo, basi. Lakini nyinyi wote iko hapa nalia, sasa jikoni iko nani? Njugu naungua!"

Watu walicheka, pale pale kaburini, na katekista naye. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshageuka na kukimbia hatua tatu kuelekea jikoni, kabla ya kukumbuka, na hapo ndipo nilipoweza kulia.