Kaptura za Kukulia

Juzi nilipeleka suruali yangu ipunguzwe kwa mama mmoja fundi pale mtaa wa Chechelesi, nikamkuta kocha wa timu yetu ya kulipwa ya mpira wa kikapu. Timu inajengwa upya, na kocha ametangaza kila mahali kwamba vijana wa hapa ndio msingi. Alikuwa ameleta oda ya jezi na kaptura.

"Saba ni za vijana wetu," alimwambia fundi. "Shona kubwa, watakulia ndani. Hizi tano ni za wale wachezaji tumetoa Nairobi. Hizo zikae sawasawa, kwa sababu wanacheza Jumamosi."

Fundi akavua miwani. "Na hao saba, Jumamosi watakuwa wapi?"

"Kwa benchi, wakijifunza. Lazima pia tushinde, mama."

Fundi alichukua chaki, akachora duara mbili upande wa nyuma wa kaptura.

"Basi hizo saba nitaziwekea kitambaa maradufu hapa kwa makalio," akasema. "Za watoto wa shule huisha hapo kwanza."

Kocha akamshukuru. Nimesikia mipango mingi ya kuinua vijana hapa Isiolo, lakini huu wa fundi ndio wa kwanza kufikiria mahali watakapokaa.