Kitovu kwa Kihispania

Sauti ya mwanamke wa kwenye simu ndiyo iliyotuamsha msimu ule mzima, kabla hata moshi wa mkaa haujapanda jikoni kwetu Kismayo. "Buenos días," alisema, akangoja, nasi watoto tukaitikia tukiwa bado na matongotongo. Yalikuwa masomo ya Kihispania kwa wasafiri wanaoanza. Alitufundisha kuulizia kituo cha treni, ilhali hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona reli, na kumwambia mhudumu wa mkahawa "la cuenta, por favor," yaani tuletee hesabu, tafadhali. Kaka zangu waliyageuza maneno hayo mchezo: kila Mama alipopakua wali wa nazi walimwomba hesabu, naye akawatishia mwiko. Bibi peke yake hakucheka. Alikaa na kikombe chake cha chai ya tangawizi akisikiliza lugha asiyoijua hata neno, na mwanamke yule akinyamaza tu, aliniuliza: "Salma, umeshika?"

Maana jambo lilikuwa lake. Shangazi Zainabu, binti yake wa pekee, alikimbia vita akiwa msichana, akapitia Ras Kamboni, akaishi kambini Kenya, mwisho akaishia Hispania. Huko aliolewa, akazaa mtoto mmoja, Omari, na huko huko akafa. Sasa Omari, kijana mzima, alikuwa anakuja kumwona bibi asiyemjua. Enzi za uhai wake, kila shangazi alipopiga simu tulimsikia mwanawe nyuma akibwabwaja Kihispania, basi sote tukakata shauri kwamba hana lugha nyingine. Bibi alikuwa na neno moja la kumwambia kabla hajafumba macho: mahali alipokizika kitovu cha mamake, kisiwani Koyama. Kwetu kitovu cha mtoto mchanga huzikwa kwenye ardhi ya wazee wake, na asiyejua chake kilipo huonekana kama mtu wa kuokotwa. "Wamemzika nisikokujua," Bibi alisema. "Basi angalau mwanawe ajue mamake alikoanzia."

Mkalimani nikateuliwa mimi. Jamani, nilivyovimba kichwa! Masomo ya wasafiri hayakuwa na neno kitovu, kwa hiyo nikamwendea jirani yetu Mzee Shee, aliyewahi kuwa mpishi kwenye meli ya Wahispania. Akafikiri, akapandisha fulana, akajidunga kidole tumboni. "Ombligo! Hiki hapa. Usije ukamwambia mgeni wa watu figo." Nikaiunda sentensi yangu, nikatembea nayo mdomoni mpaka kisimani na kurudi: kitovu cha mama yako kiko Koyama.

Omari alifika alasiri, mrefu, begi mgongoni, jasho likimtiririka. Nikajitokeza mbele ya majirani wote nikammwagia "buenos días" yangu ya asubuhi, nikaongeza "¿cómo está usted?" kumuuliza hali. Akatabasamu, akanijibu kwa adabu, kisha akanipita. Akapiga magoti mbele ya Bibi, akaubusu mkono wake, akasema: "Bibi, mi ni Omari wa Zainabu. Mi ni mchu wa Koyama." Mchu! Wala si mtu, kama wasemavyo Waswahili wengine. Kibajuni chenyewe cha visiwani, alichopewa na mamake pamoja na maziwa. Bibi akaangua kilio, akamkumbatia kichwa, hataki kumwachia.

Kisha Omari akanigeukia na kuniuliza kitu, nami sikumwelewa. Sisi tuliolala chumba kimoja na Bibi tulizungumza Kisomali, cha shuleni na mtaani. Baba ndivyo alivyotaka, ili tusichekwe wala kusumbuliwa kwa kuwa Wabajuni. Kibajuni tulijua cha kuitikia salamu na kuombea chakula tu. Bibi mwenyewe alituongelesha Kisomali miaka yote, na hakuna aliyejiuliza kama anachoka. Nikamwambia Omari kwa Kisomali kwamba sijaelewa, naye hakuelewa kitu. Ikabidi Bibi aingie kati: "Anakuuliza uko darasa la ngapi." Loo! Bibi kuwa mkalimani wa wajukuu zake, tena wa lugha yake mwenyewe, ndani ya nyumba yake. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Wakakaa mkekani wakaongea mpaka chai ikapoa. Kwa furaha Bibi akakisahau kabisa Kisomali. Nikasikia Zainabu, nikasikia Koyama, nikajua kitovu kinatajwa bila msaada wangu. Halafu akanishika kidevu, akaniambia maneno marefu kwa Kibajuni, macho yakimng'aa, akangoja jibu. Sikuambulia kitu ila jina langu. Lakini ningemwombaje atafsiri tena mbele ya mgeni? Nikaitikia kwa kichwa. Bibi akanibusu kwenye paji la uso.

Bibi ameshakufa, na alizikwa Kismayo bila kuiona tena Koyama. Mimi naishi Mombasa, na Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata darasani huku. Watu wakinisifu kwacho, nainama. Simu yangu siku hizi iko tayari kunifundisha Kihispania wakati wowote nitakao, lakini Kibajuni nimekitafuta humo nikakikosa. Basi humpigia Omari, naye hunifundisha kutoka Hispania kwa subira, na nikikosea hucheka kicheko cha Bibi. Juzi nilijikaza nikamuuliza siku ile Bibi aliniambia nini.

"Kwani umesahau?" alisema. "Alikwambia kitovu chako kiko pale pale, kando ya cha mamangu. Ulipozaliwa alikipeleka Koyama mwenyewe. Kisha akakuuliza: Salma, ukikua, utanirudisha nikapaone? Nawe ukamwitikia."